Baraka Iliyokwama kwenye Sabini na Nane

Phinées Kasereka alikuwa fundi wa kupuliza. Redio ikinyamaza, alipuliza. Simu ikilowa mvua, alipuliza. Siku ile jenereta ya kanisa ilipozimika katikati ya harusi ya mtoto wa mchungaji, alivua koti mbele ya watu mia mbili, akapiga magoti, akapuliza. Nusu saa baadaye jenereta iliwaka, kwa sababu mtu mwingine alikuwa amekwenda kutafuta mafuta na kuyatia. Watu walimpigia Phinées makofi, naye akayapokea yote bila kumwachia mwenzake hata moja.

Kwa hiyo Jumanne ile mchana, alipoishika CD kwa vidole viwili na kuipeleka kinywani, shemeji yake Débora aligeuza uso akatazama kalenda ukutani. Moyoni alisema, Bwana, linda midomo yangu.

Phinées alipuliza. Kisha akavuta ncha ya shati lake, lile shati la mistari alilokuwa amelivaa akila ndizi asubuhi, akaanza kuisugua CD akizungusha mkono kama mtu anayeng'arisha kiatu.

"Shemeki, hii ni vumbi tu," alisema. "Vumbi njo adui mukubwa ya informatique."

"Kumbe," alisema Débora.

Walikuwa nyumbani kwa Débora, mtaa wa Furu, Butembo, mbele ya kompyuta kubwa ya mezani ambayo binti yake wa kwanza, Eliane, alimwachia alipohamia Kampala na mumewe. CD yenyewe ilikuwa ya harusi ya huyo Eliane, miaka kumi na miwili iliyopita. Mwishoni kabisa mwa harusi ile, baada ya keki na zawadi, marehemu Kambere, mume wa Débora, alisimama, akainua mikono, akawabariki binti zake wote watatu, mmoja mmoja kwa jina. Kambere hakuwa msemaji. Hakuna mahali pengine popote duniani ambapo sauti yake ilibaki. Alikufa miaka minne baadaye.

Sasa Falonne, kitinda mimba wake, aliyekuwa na umri wa miaka tisa siku ya harusi ya Eliane, alikuwa anaolewa Jumamosi mjini Beni. Katika mambo yote ya harusi, kuanzia kitambaa hadi wapishi, Falonne alisema ndiyo kwa kila mtu. Aliomba jambo moja tu.

"Mama, mi nataka Papa mwenyewe njo anibariki. Na mudomo yake."

Jambo hilo lilikuwa na upande wa pili ambao Falonne hakuutaja, na haikuhitajika autaje. Baba asipokuwepo, anayebariki ni ndugu yake. Ndugu ya Kambere alikuwa Phinées. Wakati Kambere alipolala hospitalini majuma matano, Phinées alikuja mara moja tu. Alikuja kuuliza kama kulikuwa na chaja ya simu.

Kazi ilikuwa kunakili CD hiyo. Mtu wa mbali angeuliza, kwa nini usiichukue CD yenyewe ukaenda nayo? Mtu wa Butembo hawezi kuuliza hivyo. Kwenye barabara ya Beni hupiti na karatasi ya asili. Cheti cha ubatizo, diploma, hati ya shamba, vyote vinasafiri kwa kopi, na asili inabaki nyumbani chini ya godoro. Kuna watu waliotoka Butembo asubuhi na mifuko mitatu wakafika Beni na miguu miwili tu, wakimshukuru Mungu kwa hiyo miguu. Débora asingeitia sauti ya pekee ya mume wake kwenye mkoba na kuipandisha gari.

Phinées aliichomeka CD. Alikuwa na kibanda karibu na mzunguko wa barabara, akitoa fotokopi na kuwajazia watu nyimbo kwenye kadi za simu, na kwa hiyo alijiita enjinia. Juu ya mlango wa kibanda aliandika "Ingénieur Phinées" kwa rangi nyekundu, na chini yake, kwa herufi ndogo, "Pia tunauza maandazi".

Mstari wa kijani ulianza kutembea kwenye kioo. Asilimia kumi. Thelathini. Hamsini. Phinées alikunja mikono kifuani na kuutazama kana kwamba yeye ndiye anayeusukuma. Kwenye sabini na nane mstari ulisimama. Ndani ya mashine kukatoka sauti ya kukwaruza, kama mbuzi aliyekabwa na ganda la muhogo. Kisha kikatokea kisanduku chenye maandishi ya Kifaransa, na kabla Débora hajaweka miwani, Phinées alikuwa amekifunga.

"Umeona?" alisema. "Hizi CD tupu ni ya Chine. Ya Chine hapana kubali kuandikwa."

"Imesema nini ile maandishi?"

"Ni mambo ya teknik, shemeki."

Alitia CD tupu ya pili. Safari hii Débora alikuwa tayari, miwani puani, daftari mapajani. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili. Shule aliiacha akiwa darasa la sita, na alirudi darasani mwaka jana tu, masomo ya jioni katika chumba cha shule ya Jumapili, yeye na wanawake wengine saba na muuza dawa mmoja. Mwalimu wao, kijana mmoja mpole aitwaye Lévi, aliwafundisha jambo la kwanza kabla ya kuwaonyesha hata kitufe cha kuwasha: mashine ikikuandikia, soma mpaka mwisho. Débora aliona ni fundisho la kiroho kabisa, akaliandika kwenye ukurasa wa kwanza.

Sabini na nane. Mbuzi akakabwa. Kisanduku kikaja, na Débora akaweka kidole kwenye kioo.

"Hapana funga. *Erreur de lecture*." Alisoma polepole, kila neno mahali pake. "Shemeki, hii ni kosa ya kusoma. Haisemi kuandika. Inashindwa kusoma ile ya zamani. CD ya Chine haina makosa."

Phinées alicheka na kumgeukia Falonne, aliyekuwa kwenye mlango wa jikoni na beseni la majani ya lenga-lenga mikononi.

"Falonne, sikia mama yako! Kusoma, kuandika, yote si ni masomo? Njo ile banakufundisha mangaribi? Mama iko na bajukuu, anaenda kukaa ku banc na batoto."

"Papa mudogo, mwache asome," alisema Falonne.

"Asome, asome. Mi nasema tu, informatique si chorale ya kanisa."

Débora alimtazama yule mtu. Alitazama ule mkono uliokuwa ukijikuna chini ya shati. Alikuwa akimwombea kila asubuhi, kwa jina, baada ya wagonjwa na kabla ya viongozi wa nchi, na katika miaka minane hakuona tofauti yoyote. Alijua kwamba kumdharau ndugu ni dhambi. Aliliweka jambo hilo mbele za Bwana mara kwa mara, na mara kwa mara Phinées alikuja tena nyumbani.

Siku iliyofuata, Jumatano, alikuja na sababu mpya. Usiku ule alikuwa amegundua kwamba ni betri. Umeme wa sola wa Débora, alisema, ulikuwa mwembamba. Mashine inafika sabini na nane inachoka, kama mtu anayepanda mlima wa Kipese na mzigo. Alikuwa amebeba betri ya kibanda chake mgongoni, na aliitua sebuleni kwa kishindo ili kila mtu asikie uzito wake.

Waliunganisha betri. Mstari ukaenda. Sabini na nane.

"Ni joto," alisema Phinées, akachukua sahani ya plastiki na kuanza kuipepea mashine. Sabini na nane. "Ni virusi," alisema. Sabini na nane. Alipiga ubavu wa mashine kwa kiganja mara tatu, akaamuru watu wote watoke sebuleni kwa sababu pumzi zao zilikuwa zinaleta unyevu. Débora alisimama kwenye veranda ya nyumba yake mwenyewe akimsikiliza enjinia akipuliza humo ndani. Sabini na nane.

Alipotoka, hakuwa na uso wa mtu aliyeshindwa. Hilo ndilo Débora aliliona kwanza. Phinées alifuta jasho, akakaa, akaomba chai, na baada ya chai akatoa mfukoni karatasi nne zilizokunjwa.

"Bon," alisema. "Mi nilishajua inaweza kufika vile. Pengine Mungu, Nyamuhanga mwenyewe, hapendi marehemu aseme. Donc nimeandika kidogo." Alikohoa. "'Baraka ya Papa Ingénieur Phinées Kasereka kwa binti yake Falonne.' Ni page ine. Naanza na Adamu."

Falonne aliingia jikoni. Walisikia sufuria ikiwekwa chini kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Hapo midomo ya Débora ilimshinda Bwana.

"Shemeki, ni wewe umeua hii CD."

"Mimi?"

"Wewe na ile shati yako ya ndizi. Jana umeisugua kama kiatu. Mwalimu ametuambia, CD inafutwa kutoka katikati kuenda inje, polepole, na kitambaa safi. Wewe umeizungusha kama unatwanga majani ya sombe. Umeikwaruza. Na sasa unatuletea Adamu."

Phinées aliinuka, akakunja karatasi zake, akasema kwamba mwanamke aliyesoma miezi minane ni hatari kuliko asiyesoma kabisa. Aliondoka akiwa amekasirika na bila betri yake, kwa sababu hasira na betri hazibebeki pamoja.

Usiku ule Débora aliomba kwa muda mrefu, lakini hakuomba radhi. Alipanga hoja. Lévi aliwafundisha: badili kitu kimoja kwa mara moja, andika, halafu tazama ni nini ambacho hakikubadilika. Asubuhi ya Alhamisi, baada ya uji, aliandika kwenye daftari. CD tupu: tulibadilisha tano. Betri: tulibadilisha. Joto: sahani. Watu: walitolewa nje. Na kila mara mashine ilisimama palepale, kwenye sabini na nane, haikuwahi kwenda sabini na tisa wala kurudi sabini na tano. Kitu kinachochoka hakichoki mahali pamoja mara sita. Kilichobaki bila kubadilika kilikuwa kimoja tu, CD yenyewe.

Aliiosha kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, akaifuta kutoka katikati kwenda nje, akaipeleka dirishani kutafuta mikwaruzo ya shati la Phinées. Alitaka kuiona. Alitaka kuihesabu, na kumwonyesha, na kumwonyesha pia mchungaji. Upande ule unaong'aa aliukagua kama anavyokagua maharage kabla ya kuyapika. Kulikuwa na mikwaruzo myembamba ya mviringo, ndiyo, kama nywele. Lakini Lévi aliwaambia mikwaruzo ya aina hiyo mashine huisamehe.

Akaiinua juu kulikabili jua, na jua likapita.

Lilipita katika mistari, karibu na ukingo, mahali ambapo ngozi ya fedha ya CD ilikuwa imetoboka. Débora aliigeuza upande wa juu, ule wenye maandishi, na kuisogeza karibu na miwani. Mtu alikuwa amechora herufi tatu kwa ncha ya chuma, kwa nguvu, herufi za mtu asiyeandika mara nyingi.

DEB.

Alikaa kwenye kiti. Chini ya kiti hicho kulikuwa na DEB. Chini ya sufuria zake zote kulikuwa na DEB, na kwenye mabeseni, na kwenye kitako cha chupa ya chai, na kwenye vijiko ishirini na vinne. Kila mwanamke wa mtaa ule hufanya hivyo. Kukiwa na msiba au harusi, vyombo vyote vya mtaa vinakwenda nyumba moja, na mwisho wa siku kila mtu anageuza sufuria kutafuta jina lake. Isiyo na jina haina mwenyewe. Kambere alipokufa, watu walilala pale siku tisa. CD ile ilichezwa kwenye televisheni, na siku ya nne jirani mmoja aliomba kuipeleka kwa shangazi mgonjwa ambaye hakuweza kuja kulia. Débora aliona vitu vyote vikitoka mlangoni. Alichukua bikari ya kuchorea duara kwenye kisanduku cha shule cha Adèle, binti wa kati, akaiweka CD juu ya goti, akaandika jina lake ili irudi.

Ilirudi. Tangu siku hiyo hakuwa na moyo wa kuicheza tena.

Sasa alikaa na kuiangalia, na kwa mara ya kwanza juma lile dharau yake haikuwa na pa kwenda. Ilizunguka chumbani ikamrudia. Alijiona na bikari, mwanamke mwenye akili, mwangalifu kuliko wote, akitoboa sauti ya mume wake ili isiibiwe. Phinées kwa upumbavu wake wote, kwa pumzi zake zote, hakuwahi kufanya kitu cha namna hiyo. Débora alisema kwa sauti, "Bwana, nimeona."

Jioni aliipeleka CD darasani, imefungwa kwenye kitambaa cha kichwa. Lévi aliiinua kwenye taa akatabasamu, kisha akaona uso wa Débora akaacha.

"Mama, ile fasi imetoboka imekufa. Hakuna dawa. Mutu yeyote atakuambia ataitengeneza, anakudanganya."

"Na sauti?"

"Ngoja kwanza. Munatumia programu gani? Ile ya kukopi CD nzima? Njo ile inawasumbua. Kopi ni kichwa ngumu, inataka kila kitu. Ikikosa hata punje moja, inakataa yote. Mais ile programu ya kuangalia video haina kiburi. Ikipata shimo, inaruka, inaendelea. Donc hapana kopi. Cheza, na wakati ile ile unacheza, enregistre, urekodi picha na sauti. Umeelewa?"

Débora alikuwa ameelewa, na aliandika yote. Lévi alimwonyesha mara moja. Mara ya pili alimwachia afanye mwenyewe, mikono yake nyuma ya mgongo, na Débora alimpenda kwa ile mikono nyuma ya mgongo kuliko alivyoweza kusema.

Ijumaa asubuhi aliketi peke yake mbele ya mashine yake na kufanya kama alivyoandika. Harusi ya Eliane ilipita kwenye kioo, keki, zawadi, mbuzi wawili wa wakwe kutoka Masereka. Mashine ilipofika mahali pa ugomvi ilikwaruza, picha ikavunjika vipande vya mraba, ikaruka, ikaendelea. Na hapo Kambere akasimama. Alikuwa mwembamba kuliko alivyomkumbuka, na koti lilimpwaya mabegani. Aliinua mikono.

Débora aliweka kitambaa mdomoni.

Kulikuwa na mashimo manne. Matatu hayakula chochote cha maana: kikohozi, nusu ya "amina", kelele za watoto. La nne lilikuwa pale ambapo mstari mrefu wa E ulifuata mzunguko wa CD. Kambere alisema: "Nabariki batoto yangu. Eliane. Adèle. Na—" Kisha kimya. Midomo yake ikawa vipande vya mraba vya kijivu. Débora alihesabu sekunde nne. Kisha sauti ikarudi, nzima, kama mtu aliyetoka kuvuka mto: "—ninyi batatu ni bangu. Nyamuhanga abalinde fasi yote mutaenda."

Aliirudisha mara tano. Mara tano jina la Falonne halikuwepo.

Phinées alikuja saa nne kuchukua betri yake. Alikuwa amejiandaa kutosalimia, lakini alimkuta Débora mlangoni.

"Shemeki, ingia. Ile maneno nilisema juu ya shati, niliikosea. Si shati. Ni mimi. Niliandika jina langu na bikari."

Alimwonyesha herufi kwenye jua. Phinées alizitazama kwa muda, na furaha ilimpanda usoni polepole, ikaanzia kidevuni.

"Njo nilisema! Tangu lundi nilisema, hii CD iko na kitu ku mugongo!"

Hakusema kitu kama hicho Jumatatu. Jumatatu hakuwa ameiona CD. Débora alimwambia Bwana kwamba aone mwenyewe, na akamwonyesha Phinées pale kwenye mashine, baraka na shimo lake. Phinées alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kwa nusu dakika alikaribia kuwa mtu. Kisha akainuka.

"Mais hii ni kitu kidogo! Mi na marehemu tuko na sauti moja. Batu banatukosea ku telefone. Leta mikro. Naingia ku ile shimo, nasema 'Falonne', naongeza kidogo tu, 'na Papa mudogo Phinées atakuchunga', tunafunga. Hakuna mutu atajua."

"Hakuna atajua," alisema Débora.

Jambo baya ni kwamba lilikuwa kweli. Sauti zao zilifanana, lile lilikuwa moja ya mambo ambayo Débora hakuyaelewa katika kazi za Mungu, kumpa mtu yule koo lile. Alifikiri juu ya Falonne akisimama kesho na nguo nyeupe, akisikia jina lake, akifurahi. Angefurahi maisha yake yote. Na kila mara angefurahi, mama yake angekuwa anajua ni nani aliyesema.

"Hapana," alisema. "Sitatia maneno ya mutu mwingine mu kinywa ya maiti. Hata jina. Hata sauti ikifanana."

"Basi nasoma page yangu."

"Ngoja."

Alimwita Falonne kutoka uani, akamkalisha, akamwambia yote: bikari, herufi, shimo. Hakupunguza. Kisha akamchezea. Falonne alisikiliza kwa utulivu hadi kwenye "Na", akasikiliza zile sekunde nne, na machozi yakamtoka bila sauti.

"Batatu," alisema mwishoni. "Amesema batatu. Donc niko ndani."

"Uko ndani. Njo mimi nilikuondoa."

"Mama, aliniita. Nakumbuka. Nilikuwa chini ya meza nakula keki, aliniita nikatoka." Alijifuta kwa kiganja. "Sasa ile fasi, utaniita wewe."

Phinées alirusha mikono. "Wapi! Baraka haitoki kwa mwanamuke! Mu jamaa yetu ni baba, ama ndugu ya baba. Batu ya Beni batasema nini? Batasema Banande ya Butembo balikosa mwanaume!"

"Sitabariki," alisema Débora. "Kubariki anabariki yeye. Mimi naita tu mutoto. Tangu lini mama anakatazwa kuita mutoto wake?"

Phinées aliinama akaibeba betri.

Jumamosi waliondoka alfajiri na fulashi mbili na CD tatu, moja kwenye mkoba wa Débora, moja kwa Adèle, moja kwenye soksi. Asili ilibaki Furu chini ya godoro. Barabara iliwaachia wapite, na saa nane mchana walikuwa katika ukumbi wa kanisa la Beni, wakwe upande ule na wao upande huu, na Phinées mbele kabisa amevaa suti, karatasi nne zikitokeza mfukoni kwa tahadhari. Alikuwa amemnong'oneza fundi wa sauti kwamba mashine ikisumbua kidogo tu, aizime na kumpa yeye mikro.

Falonne alipiga magoti. Kutoka kwenye spika mbili kubwa Kambere alikohoa, na Débora aliona mabega ya binti yake yakishuka, kama ya mtu aliyetua mzigo.

"Nabariki batoto yangu," alisema Kambere. "Eliane. Adèle. Na—"

Kimya. Fundi wa sauti alipeleka mkono kwenye vitufe. Phinées alikuwa ameshainuka, kinywa wazi, pumzi imejaa.

Lakini Débora alikuwa ameizoea ile sekunde. Ijumaa yote alikuwa ameisubiri, akimenya ndizi, akipiga pasi. Alisimama akitazamana na mama wa bwana harusi na shangazi wawili wa kijana huyo, akaita kama alivyoita miaka yote kutoka mlango wa jikoni, kwa sauti ya kufika mpaka kwa majirani.

"Falonne!"

"Niko hapa," alijibu Falonne, bila kugeuka.

"—ninyi batatu ni bangu," alisema Kambere, na fundi akaurudisha mkono wake magotini.